Ndege ya boksi la chipsi inataka uzito puani

Nina ugomvi mdogo na wazazi wenzangu, hasa akina baba. Tukikaa na watoto kutengeneza ndege ya kuchezea, neno letu ni moja tu: iwe nyepesi. Tunapunguza hapa, tunachonga pale, mwishowe ndege inarushwa, inainua pua, inasita hewani, halafu inaangukia mkia. Baba anailaumu karatasi, kumbe karatasi haina kosa. Ndege inataka uzito, tena uwe mbele.

Vifaa vyote vimo nyumbani. Mimi napenda boksi jeupe la chipsi, lile linalolia kikikiki ukilibonyeza. Lioshwe kwa sabuni kwanza, maana penye mafuta gundi haishiki. Mfuniko wake unatoa bawa moja refu, kama sentimita 18 kwa 5, na mabaki yanatosha mkia wa kulala na mwingine wa kusimama. Mwili ni kijiti cha mshikaki (ikate ile ncha kabla hamjaanza, tafadhali, macho hayana spea). Bawa lifungwe kwa rababendi badala ya gundi ili lisogezeke, na ncha zake zipindwe juu kidogo, ndege isilale upande. Puani bandika donge la unga wa ngano, lile linalobaki watu wakikanda chapati.

Donge hilo ndilo somo lenyewe. Mtoto aweke vidole viwili chini ya bawa, karibu na theluthi ya upana wake kutoka mbele. Ndege ikitulia sawa juu ya vidole, irushwe, kwa kuisukuma polepole, si kwa nguvu za kutupia jiwe embe. Ikiinua pua na kusita, aongeze unga au alirudishe bawa nyuma. Ikichimbia chini, apunguze unga au alisogeze bawa mbele. Uzito ukiwa mbele kidogo ya pale bawa linapobeba, pua hushuka kila kasi inapopungua, ndege ikapata mwendo upya. Mkia nao unaizuia isipige mbizi.

Huko Uingereza, mwaka 1804, George Cayley aliunda ndege ndogo isiyo na injini kwa mtindo huohuo: fimbo, mkia wa kugeuza, na kizito cha kusogeza mpaka mambo yakae sawa. Na bawa lake lilikuwa tiara. Tiara! Watoto wetu wanazitengeneza kwa njiti za chelewa na gazeti, wakigandisha kwa ugali, bila kufundishwa na mtu mzima yeyote. Kutoka hapo hadi ndege ni hatua fupi mno, na sioni sababu ya kuanza mambo ya hewa kwa mchoro ubaoni wakati nusu ya darasa ina tiara nyumbani.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni ile "hebu lete nikuoneshe." Mtoto ameongeza donge mpaka ndege inaanguka kama nazi. Mwache. Ataibandua pua mwenyewe, atarusha tena, na atakachokigundua hapo hakimtoki kichwani. Ukimnyang'anya, umebaki unacheza peke yako. Ndiyo maana pia sivutiwi na zile ndege za dukani zilizogandishwa kila kitu: zikiruka vibaya, mtoto hana cha kusogeza. Na binti aliyekanda ule unga asiachwe jikoni huku kaka zake wakirusha uani. Donge ni lake.

Kwa walio pwani, upepo wa alasiri ni mkali kwa kitu chepesi namna hii. Utaipeleka juu ya bati la jirani. Rusheni asubuhi mapema, au sebuleni, mkishaondoa glasi mezani na kuzima feni.