Mieleka ya Kumbi Ndogo: Mapambano Yapi Yafufuliwe, na kwa Kipimo Gani?

Katika vibanda vya video vya Mtwara Mjini, kuanzia Chikongola hadi Magomeni, mieleka ya kulipwa kwa miaka mingi imekuwa na maana moja tu: WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, na majina ya The Undertaker, The Rock na John Cena. Siku hizi wapo vijana wanaoleta kwenye fleshi mapambano ya zamani ya kampuni ndogo za Marekani, yaliyopigwa mbele ya watu mia chache katika kumbi za kukodi, na ubishi umezuka. Wanaoyapinga wanauliza: kama pambano lilikuwa la maana, mbona lilipigwa kwenye ukumbi wenye taa hafifu na viti vya kukunja? Wanaoyatetea wanajibu kwamba huyo unayemwona hapo ni CM Punk au Bryan Danielson, waliokuja kuwa mabingwa wa WWE, kabla dunia haijamjua. Ukitazama vizuri, pande zote mbili zinapima kwa umaarufu. Mmoja anadai umaarufu wa siku ile, mwingine anaukopa umaarufu wa baadaye. Pambano lenyewe halijatazamwa bado.

Mapambano haya yana asili yake. Kampuni ya mieleka ya ECW ya Philadelphia ilipoanguka mwaka 2001, kampuni ya RF Video, iliyokuwa ikiuza kanda zake, ilihitaji bidhaa mpya, na hapo ndipo ikazaliwa kampuni mpya ya mieleka, Ring of Honor. Onyesho la kwanza lilifanyika Philadelphia tarehe 23 Februari 2002 na lilifungwa na pambano la watu watatu: Low Ki, Christopher Daniels na Bryan Danielson. Katika miaka hiyo ya mwanzo kampuni haikuwa na kipindi cha televisheni. Iliishi kwa viingilio vya mlangoni na kwa kanda na DVD zilizosafirishwa kwa posta. Mteja aliyepokea kanda hiyo hakuwa amesimuliwa ugomvi wowote kila wiki kama afanyavyo mtazamaji wa WWE, kwa hiyo pambano lililazimika kujieleza lenyewe, ulingoni, tangu kengele ya kwanza. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa inayofanya baadhi yake yaweze kutazamwa Mtwara miaka ishirini baadaye na mtu asiyejua lolote kuhusu wahusika.

Mfano ulio wazi ni pambano la Samoa Joe na CM Punk, tarehe 12 Juni 2004, mjini Dayton, Ohio. Joe alikuwa bingwa wa Ring of Honor tangu Machi 2003, mzito, mwenye sifa ya kuwamaliza wapinzani kwa mateke na makofi ya kifuani. Punk hakuwa na mwili wa kushindana naye kwa nguvu, kwa hiyo alimbana kichwa kwapani. Joe anamsukumia kwenye kamba, Punk anarudi na kukibana tena; Joe anajinasua, wanaanguka, Punk anakibana tena hapo chini. Kishiko ambacho katika pambano la kawaida hutumika kuvuta pumzi kinageuka kuwa mkakati wenyewe: mpinzani anataka kumburuza bingwa hadi dakika ambazo hajazoea kufika. Muda wa dakika 60 unaisha, inakuwa sare. Walirudiana tarehe 16 Oktoba 2004 karibu na Chicago, nyumbani kwa Punk, wakatoka sare ya dakika 60 nyingine, na mwandishi wa habari za mieleka Dave Meltzer, ambaye nyota anazoyapa mapambano mashabiki wengi huzichukua kama hukumu, akalitunuku pambano hilo nyota tano, alama ambayo pambano la Marekani lilikuwa halijapata kwake tangu mwaka 1997. Mimi naliona la Dayton kuwa bora. La pili lina shangwe zaidi, lakini mtazamaji tayari anajua kwamba sare inawezekana, na wahusika nao wanajua kwamba anajua.

Hata hivyo, wapinzani wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Ushabiki wa mapambano haya umezaa imani kwamba urefu ndio ubora. Mapema mwaka 2003 Punk huyohuyo na Chris Hero walipigana katika kampuni ya IWA Mid-South kwa zaidi ya saa moja na nusu, na mashabiki hulitaja pambano hilo kwa heshima kubwa. Lakini kuna sehemu ndefu za katikati ambazo, nisiseme uongo, zingeweza kuondolewa bila mtu kugundua. Kwa mtazamaji wa huku hilo lina gharama, kwa sababu dakika tisini ni bando. Vijana wengi huishia kupakua kipande cha dakika tatu chenye miruko na miangusho, na kipande hicho hukata kishiko kile cha kichwa ambacho ndicho kilichobeba kila kitu. Hivyo pambano linahukumiwa kwa sehemu zake zisizo na maana sana. Kibandani mambo ni nafuu kidogo, maana mtafsiri akiwa hodari hujaza dakika za utulivu kwa maneno yake, ingawa nimewasikia wengine wakitunga ugomvi wa mashemeji ambao haumo kabisa.

Hoja ya kwamba ni maigizo tu, matokeo yakiwa yamepangwa, haipaswi kutuchelewesha. Katika mkoa ambao watu wamekulia kwenye ngoma ya mapiko, ambapo aliyetoka jandoni anajua fika kwamba ndani ya kinyago kuna mtu na bado anarudi nyuma kinyago kinapomsogelea, kujua siri hakujawahi kuharibu mchezo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya wafufuaji ni namna wanavyochagua. Wanachimba pale tu ambapo mtu aliyekuja kuwa bingwa wa WWE alipita, na wengine wanaachwa walipo. Angalia wanawake. SHIMMER, kampuni ya mieleka ya wanawake, ilianza kurekodi maonyesho yake Berwyn, Illinois, mwezi Novemba 2005, wakati ambapo wanawake wa WWE walipewa dakika chache na mara nyingi walithaminiwa kwa sura. Sara Del Rey, aliyekuwa bingwa wa kwanza wa SHIMMER mwaka 2007, alipigana kwa mpangilio na uzito ambao wanaume wengi wa wakati huo hawakuufikia. Hakupata kuwa nyota wa televisheni. Mwaka 2012 WWE ilimchukua kuwa kocha, na kizazi cha wanawake kilichokuja kushika nafasi ya mbele kilipita mikononi mwake. Kwa kipimo cha umaarufu wa baadaye, mapambano yake hayana pa kuingilia. Kwa kipimo cha kilichofanyika ulingoni, yangekuwa ya kwanza kwenye fleshi.

Linabaki suala la vichwa kugongwa. Tarehe 12 Agosti 2006, mjini Liverpool, Danielson alikutana na Nigel McGuinness kuunganisha mikanda miwili ya ubingwa ya Ring of Honor. Danielson, akiwa ndani ya ulingo, anaivuta mikono ya McGuinness kutoka kila upande wa nguzo, na kichwa cha Mwingereza huyo kinagonga chuma, mara moja, mara nyingine, hadi damu inatoka. Baadaye wanapigana vichwa waziwazi. Kama kazi ya kuwateka watu waliomo ukumbini, ni vigumu kupata lililolizidi. Lakini chuma kile hakikuwa cha maigizo, na Februari 2016 Danielson alitangaza kustaafu kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo ya mara kwa mara, ingawa alirudi mwaka 2018. Siwezi kusema kwamba pigo la usiku ule ndilo lililomfikisha hapo. Naweza kusema kwamba uhodari haukuhitaji pigo lile, kwa sababu Dayton mwaka 2004 umati ulikaa dakika 60 kwa kishiko cha kwapani.

Kwa hiyo, kwa mwenye kibanda anayeniuliza aanze na lipi, jibu langu ni Dayton, lote, bila kukatwa, kisha Del Rey. La Liverpool lioneshwe usiku, watoto wanaojaribu miangusho kwenye mchanga wa Shangani wakiwa wamekwenda kulala, na mtafsiri, akifika pale penye nguzo, aache utani na aseme kwamba damu ile ni ya kweli.