Bunduki ya Mjomba Isipigwe Msasa

Tangu mjomba wangu afariki dunia huko Newala, familia yetu imekaa vikao vitatu juu ya bunduki yake ya marisau yenye mitutu miwili, na kila mara tumegawanyika vilevile: watoto wa marehemu wanataka iuzwe, na mdogo wangu anataka itengenezwe irudi kuwa mpya. Kwa mila yetu ya Kimakonde mpwa ana neno katika mali ya mjomba wake, nami neno langu nalitoa hapa.

Kuifanya mpya nakupinga kabisa. Ukiigeuza mitutu yake kwenye mwanga utaona mistari iliyopindana mithili ya ukili wa mkeka. Hiyo ndiyo mitutu ya Damascus, ambayo mafundi wa zamani waliitengeneza kwa kusokota vipande vya chuma laini na chuma kigumu, wakavizungusha kwenye fimbo na kuvigonga vikiwa vya moto hadi vikashikana. Ilikusudiwa baruti nyeusi, si baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ambayo msukumo wake ni mkubwa zaidi. Tena kutu huweza kujificha ndani ya maungio yale, mahali jicho lisipofika, hadi siku mtutu unapasukia kwenye vidole vya mpigaji. Fundi mmoja alishauri tuisugue kwa msasa, kisha tuipake rangi nyeusi. Msasa huo ungeondoa mistari yote, na pamoja nayo alama mbili ndogo za fimbo za kifalme zilizopishana chini ya taji, moja yenye herufi BPC na nyingine V, ambazo wakaguzi wa Birmingham, Uingereza, walizitumia hadi 1904. Ina maana mitutu hii ilikaguliwa kabla ya Vita vya Majimaji kuanza. Wakusanyaji wa silaha za kale hulipia alama kama hizo, na bunduki iliyong'arishwa hushuka thamani mbele yao.

Kuna pia kitako. Kina ufa ambao mjomba mwenyewe aliuzungushia waya wa shaba, baada ya kuanguka usiku akiwafukuza nguruwe pori waliokuwa wanafukua mihogo ya bibi. Waya ule nauheshimu kuliko mbao mpya ya namna yoyote.

Wanaotaka kuuza wana hoja, maana ada za shule hazisubiri msimu wa korosho. Lakini leseni ilikuwa ya mjomba peke yake, na chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hakuna kati yetu anayeweza kukaa nayo nyumbani kwa kisingizio cha urithi. Wiki ile ya maziko tuliipeleka polisi, na naamini hilo ndilo jambo la busara kuliko yote tuliyoyafanya. Mtu aliyetufuata usiku na fedha taslimu, asiyetaka karatasi yoyote, tulimkatalia.

Kwa hiyo nimeomba leseni. Nikipewa, nitaitunza Mtwara mjini ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, nikiifuta kwa mafuta mepesi kila mwezi kwa sababu ya hewa ya chumvi, bila kuipiga hata mara moja. Nikinyimwa, iuzwe kwa mfanyabiashara mwenye kibali, na fedha zipitie kwa msimamizi wa mirathi ili watoto wa marehemu wapate haki yao. Kwa vyovyote, itoke mikononi mwetu ikiwa na waya wake wa shaba.