Mwanamke Mtu Mzima na Bahari ya Lamu

Kiswahili kimeweka mtego mdogo katika jambo hili. Mwanamume akiitwa mtembezi, hueleweka kwamba ameona miji na kukutana na watu. Mwanamke akiitwa mtembezi, waliopo huinamisha macho, kwani neno lilelile limekwisha kumvua heshima. Ndiyo maana mjadala kuhusu wanawake watu wazima wanaotaka kujaribu mambo mapya, ambao katika familia yetu umepamba moto tangu shangazi yangu, mjane wa miaka 54, aanze kujifunza kuogelea, huanza ukiwa umekwisha kuegemea upande mmoja.

Upande unaopinga usidharauliwe. Watu wa Lamu hawakuanza jana kufikiri namna mwanamke atakavyotoka bila kuvunjiwa stara: wikio, yaani lile daraja la ghorofani linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, liliwawezesha wanawake kuzuriana bila kushuka njiani. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, aliihesabu ruhusa ya mume miongoni mwa masharti ya kutoka. Ukiongeza hapo methali ya samaki mkunje angali mbichi, hoja inakamilika: mahali pa mwanamke panajulikana, na umri wa kujifunza umempita. Wapo pia wasiosema hivyo kwa ukali, bali kwa wasiwasi wa kweli, kwa sababu bahari inaua, na mwanamke huyo ana mama mzee anayemtegemea kwa kila tonge.

Hata hivyo, hoja hizo zinasahau kwamba Lamu ni kisiwa. Anayekwenda bara huvuka hadi Mokowe. Anayekwenda kumzuru dada yake Pate au kumuuguza mzazi Faza hupitia mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako kwa miaka mingi maji yakipwa chombo kililazimika kusubiri yajae. Mwanamke wa hapa ni msafiri wa baharini apende asipende, tena hupakiwa akiwa na mtoto mapajani na buibui mwilini, na hakuna anayemwita mtembezi kwa safari hizo. Hatari tunayodai kumkinga nayo tumekwisha kumweka ndani yake. Tulichomnyima ni ujuzi wa kuikabili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Hapa pwani yetu, Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Ni kweli kwamba meli ile ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi, na kuogelea peke yake si dawa ya uzembe wa namna hiyo. Lakini anayejua kuelea ana dakika ambazo asiyejua hana.

Wanaounga mkono hukumbusha pia hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Bi Aisha alishindana mbio na Mtume, akamshinda, kisha miaka ikapita, mwili ukanenepa, wakashindana tena na safari hiyo akashindwa. Wapinzani hujibu kwamba, katika mapokezi mengine, watu waliokuwa nao safarini walitangulizwa mbele kwanza. Mimi nalipokea jibu hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa ndani yake mna ufumbuzi: stara ilipatikana kwa kupanga mahali na macho, na mbio zikakimbiwa.

Ndivyo tulivyojaribu kufanya. Tulichagua saa ya baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamejaa na kutulia, upande ambao mkondo si mkali. Siku ya kwanza shangazi aliingia na dera, likajaa maji na kutuna kama tanga, tukalikaza kiunoni kwa kanga. Siku ya pili alikuja na suruali na kanzu fupi ya kitambaa chepesi aliyoshonesha kwa fundi. (Nungwi, huko Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, kwa hiyo hatukubuni jipya.) Nilimlaza chali, kiganja changu chini ya mgongo wake. Alikuwa akirudia, “Usiniwate, mwanangu, usiniwate,” yaani nisimwachie, na shingo yake ilikuwa ngumu kama boriti. Kisha masikio yakaingia majini, akanyamaza, shingo ikalegea, na nikahisi kiganja changu hakibebi kitu tena.

Siku ya tatu kijana mmoja alisimama juu ya ukuta akainua simu. Tulitoka majini mara moja, na shangazi hakurudi kwa wiki mbili. Sitaificha habari hiyo eti kwa sababu inawasaidia wapinzani, maana hofu yao ilitimia mbele yangu: picha ya mwanamke aliyelowa ikishaingia katika makundi ya WhatsApp hairudi tena, naye atailipia maisha yake yote. Ninapotofautiana nao ni katika nani anayepaswa kuonywa. Katika familia yetu aliitwa shangazi akasemeshwa. Yule kijana hakuitwa na mtu.

Kuhusu umri sina mengi ya kusema. Siti binti Saad alihamia mjini Unguja mwaka 1911 akiwa mtu mzima, akitokea kijiji cha Fumba alikokuwa akiuza vyungu, na uimbaji uliomfikisha Bombay kurekodi sahani mwaka 1928 alijifunzia huko mjini. Kinachonisumbua zaidi ni riziki. Mwanamke anayeamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri hana alfajiri ya kuogelea, na wito wa kuthubutu usiomwambia nani atakaa jikoni badala yake unawafaa wachache tu.

Sasa shangazi anataka kwenda Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17 huko Manda, ambao miaka yote hii ameusikia tu. Mashua huingia kwenye hori kati ya mikoko maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo tumehesabu siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, ili tuingie na maji ya asubuhi na kutoka na ya jioni. Chakula cha mandari kimepangwa na nahodha amepatikana. Kilichobaki ni mtu wa kukaa na nyanya kutwa nzima. Shangazi amemwomba ami yangu, ambaye katika familia ndiye aliyepinga kuliko wote, na hadi leo hajajibu.