Paja Lilikuwa la Kuku

Kwa kuwa rafiki yangu wa uhasibu amekwisha kuwatumia ujumbe usemao kwamba juzi nilishika paja la mwezeshaji wa semina mbele ya meneja, na kwa kuwa kila neno katika ujumbe huo ni la kweli, naomba nijieleze mwenyewe kabla habari haijamfikia mama mkwe.

Semina ilihusu ujumuishi na kupinga ubaguzi kazini. Asubuhi mwezeshaji alitupitisha katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachokataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, umri na mengineyo, kisha akatueleza kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Hapo mhasibu huyohuyo akavua miwani na kuuliza kama naye anahesabika. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi chetu. Kwa mwandiko wangu, kwa kalamu nyekundu, niliandika kwenye bango lililobandikwa ukutani: "Usimkisie mtu kabila kwa jina lake." Nikapigiwa makofi.

Saa saba tukapanga foleni ya chakula, na mwezeshaji akawa mbele yangu. Jina lake la mwisho ni la Kisukuma kabisa, nami ni Mzaramo. Wa Pwani mmeshaelewa. Wengine jueni kwamba Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma ni watani wetu tangu enzi za misafara ya kutoka bara, na mtani huchukua cha mtani wake bila kuomba.

Mkono wangu uliondoka polepole. Niliuona ukipita juu ya pilau yake, ukaikwepa kachumbari, vidole viwili vikalibana paja la kuku penye kifundo na kuliinua, mchuzi ukadondoka tone moja juu ya kitambulisho chake. Hata hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema, kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa hadhara: "Tangu lini mtumwa wangu akala kuku mbele ya bwana wake?"

Upawa wa mpishi ukasimama hewani. Meneja akatazama dari. Mwezeshaji akaitazama sahani, akalitazama paja, kisha macho yake yakapanda ukutani hadi kwenye ule mwandiko mwekundu, akausoma wote bila haraka.

"Kaka yangu," akasema, "jina hilo ni la mume wangu. Mimi kwetu Same. Ni Mpare."

Sasa, mnajua yanayosemwa: kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Najua, kuwaza hivyo nako ni kosa, tena lilikuwa la pili ndani ya dakika moja, lakini kuku mwenyewe nilikuwa nimemshika.

Niliomba radhi, nikasamehewa, nikatumiwa kama mfano hai mchana kutwa, na barua ya kujieleza nimeijibu jana. Nilipojaribu kulirudisha paja kwenye sahani, mwezeshaji alisema nibaki nalo kama kielelezo, kwa hiyo nililishika hadi semina ilipofungwa. Sikulila.