Magavana wa vyuo vya kiufundi: mafunzo yawe lazima, lakini mafunzo yapi?

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya Kenya ya mwaka 2013 inampa Waziri kazi ya kuteua magavana 7 hadi 9, yaani wajumbe wa bodi, kwa kila chuo cha umma, wakiwa na ujuzi wa uongozi, fedha, teknolojia au viwanda. Mwongozo, ile kanuni ya utawala wa mashirika ya serikali iliyotolewa 2015, ukaongeza kwamba mjumbe mpya aelekezwe kazi na bodi ijipime kila mwaka. Lakini Mwongozo umejengwa juu ya msingi wa "tekeleza au ueleze", na maelezo hayakosekani. Jimboni Virginia, Marekani, mjumbe mpya wa bodi ya chuo cha umma asiyehudhuria mafunzo katika miaka 2 ya mwanzo, bila sababu ya kutosha, anaweza kupoteza kiti.

Wanaopinga ulazima wana hoja nzito. Mwenye karakana akiitwa semina ya siku tano anafunga kazi siku tano, na yeye ndiye tunayemhitaji zaidi mezani. Pia kuna gharama: marupurupu, nauli na ukumbi wa hoteli ya Mombasa ni pesa ambazo chuo kidogo kingenunulia mabati na vijiti vya kuchomelea. Tena, aliyepewa kiti kama shukrani ya kampeni atarudi na cheti, tabia ikiwa ile ile. Hoja hii ya mwisho ni kweli kabisa. Mafunzo hayatibu uteuzi mbovu.

Hata hivyo, madhara mengi hutokana na kutojua tu. Gavana anayetaka kuonyeshwa bei za wazabuni kabla ya mkataba kutolewa huamini anasimamia. Kwa sheria ya ununuzi ya 2015, mchakato huo ni jukumu la afisa mhasibu, yaani mtendaji anayewajibika kwa matumizi ya fedha za chuo, na bodi hubaki na bajeti na usimamizi wa jumla.

Hesabu ndizo zinazoumiza zaidi. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na taarifa zinatakiwa zimfikie Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30. Tuseme taarifa inaonyesha karo ya milioni 40 na ziada ya milioni 3. Ikiwa milioni 15 kati ya hiyo karo bado ni deni la wanafunzi, ziada ipo kwenye karatasi tu, na mishahara ya Oktoba haina pesa. Asiyejua kwamba karo huandikwa kuwa mapato hata kabla ya kulipwa atapiga makofi na kuidhinisha ujenzi mpya.

Kwa hiyo tunaunga mkono ulazima, ila si wa semina za hotelini. Nusu siku, chuoni penyewe, kabla ya kikao cha kwanza, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa chuo hicho ikiwa mezani. Nusu siku nyingine kabla ya makadirio ya bajeti kujadiliwa. Mkufunzi asiwe mkuu wa chuo: yeye ndiye katibu wa bodi na ndiye anayesimamiwa, na akifundisha yeye, magavana watajifunza kuuliza yale tu anayopenda kuulizwa.

Mhasibu aliyesajiliwa asamehewe somo la hesabu, lakini la ununuzi alikalie kama wenzake. Asiyehudhuria mafunzo hayo aruhusiwe kuchangia mjadala, ila asipige kura ya bajeti hadi amalize.