Sarafu Iliyozama

Mke wangu ana sheria zake za friza, na mimi nilikuwa nazichukulia kama maelezo ya kwenye chupa ya dawa: yapo, atayasoma mwingine. Kila kopo lina lebo na tarehe. Nyama ya kusaga isipitishe miezi minne. Chupa za kioo marufuku, hasa tangu siku niliyoweka soda ipoe haraka nikapitiwa na usingizi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chupa yenyewe haikubali kutanuka. Tulishinda tunaokota vioo kwenye mifuko ya samaki.

Kuna jambo moja tu hakuwahi kuniambia. Au aliniambia nikiwa naangalia mpira, ambayo ni yale yale.

Alisafiri siku tatu. Siku ya kwanza, nikiwa huru na nimeshiba, nikaamua kupima uzito. Mzani umekufa betri. Betri mpya nilikuwa nayo, lakini kifuniko chake kina ule mfuo wa kufunguliwa kwa sarafu, na pesa siku hizi zimehamia kwenye simu. Nilipekua mifuko ya suruali zote, nikainua mito ya makochi, sikupata kitu isipokuwa kalamu na karanga moja ya zamani. Nikakata tamaa, nikaenda kutafuta faraja kwenye friza, nilikokuwa na kopo langu la aiskrimu.

Nikaiona. Rafu ya juu, kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, kimejaa barafu, na juu ya barafu imekaa sarafu. Nikajua ni watoto. Nani mwingine anaweza kugandisha pesa?

Sarafu ilikuwa imeng'ang'ania. Nikaichokonoa kwa kisu cha siagi, barafu ikapasuka vipande viwili, kimoja kikaruka mpaka chini ya jiko. Nikafungua kifuniko cha mzani, nikaweka betri, nikapanda, nikasoma namba, nikashuka. Namba tuiache.

Usiku roho ikaanza kunisuta. Nikajaza kikombe maji mapya, nikatumbukiza ile sarafu, ikazama hadi chini, nikarudisha kwenye friza. Asubuhi barafu ilikuwa imeganda safi, na sarafu inang'aa kwenye kitako cha kikombe. Nikaona nimeiboresha.

Mke wangu aliporudi hata viatu hakuvua. Alifungua friza, akachukua kikombe, akakigeuza, akakaa kimya. Sikuupenda ule ukimya.

"Umeme ulikatika?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini ukweli ulikuwa na mzani ndani yake, na namba, na kisu cha siagi. Nikasema, "Kidogo."

"Kidogo gani? Sarafu imefika chini kabisa!"

Kumbe ile sarafu ni mlinzi. Unagandisha maji, unaweka sarafu juu, unaondoka. Ukirudi ukaikuta juu, friza haikulala. Ukiikuta katikati, barafu iliyeyuka nusu. Ikiwa chini, basi kila kitu kiliyeyuka, kikaganda upya wewe haupo. Akanieleza haya huku anavaa glavu.

"Sasa ulikatika saa ngapi?" Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, hushikilia baridi kama siku mbili; iliyojaa nusu, siku moja. Yetu ilikuwa nusu. Nikapiga hesabu haraka ya uongo unaolingana na sarafu. "Kama... siku moja na nusu hivi."

Mfuko mkubwa ukafunguliwa. Nyama ya kusaga, ndani. Samaki, ndani. Supu ya kuku, ndani. Nikajaribu kujitetea kwamba si vimeganda tena? Akanitazama kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Chakula kikipata joto vinaamka, vinazaana, na ukigandisha tena unavilaza vikiwa ukoo mzima.

"Na hii aiskrimu, wewe mwaga."

Nikaipeleka kwenye sinki. Nikafungua kopo. Katikati ya aiskrimu kulikuwa na shimo la kijiko changu cha juzi, kingo zake zimesimama wima, hata mistari ya kijiko inaonekana. Aiskrimu iliyoyeyuka haibaki na shimo. Ushahidi wote nilikuwa nimeushika mkononi. Nikafungulia maji ya moto, nikaitazama ikiondoka, nikajikaza kiume.

Nyuma yangu nikasikia *cha-cha-cha*. Nikageuka. Ameshika mfuko wa njegere, anautikisa kama kayamba. Akasimama. Akautikisa tena. Njegere zilizoyeyuka zikaganda upya huwa jiwe moja, zake zilikuwa zinacheza mojamoja. Akafungua mfuko wa vipande vya barafu: kila kipande na pembe zake nne.

"Baba watoto."

Anaponiita hivyo, jina langu limeshafutwa kwenye orodha ya watu wazuri.

Nikasema yote, kuanzia betri. Samaki, nyama na supu vilirudishwa friza haraka. Bado vilikuwa vigumu kama matofali. Aiskrimu ilikuwa imeshafika mbali.

Sasa kikombe kipya kiko rafu ya juu, barafu imeganda kwanza, sarafu juu yake, na lebo yenye tarehe: SARAFU. SI YAKO. Mzani nao uko chini ya kitanda, betri ikining'inia nje, kwa sababu kile kifuniko hakifungiki bila sarafu.