Kompyuta Ikikuonya, Inataka Ufanye Nini?

Watu wa IT wana wimbo mmoja: usipuuze onyo. Watumiaji nao wana jibu lao, ingawa hawalitamki: wanabonyeza kitufe chochote kitakachoondoa kile kidirisha ili kazi iendelee. Mjadala huishia hapo, huyu akimwita mwenzake mzembe, yule akimwona huyu mnoko. Kwa maoni yangu mbonyezaji ana hoja nzito kuliko anavyosifiwa, ila kuna mahali inakatika.

Mwaka 2009 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika kwamba mtumiaji anayekataa ushauri wa usalama mara nyingi amepiga hesabu sawasawa. Muda wa kutii kila ushauri unamgharimu kuliko hasara ambayo ushauri wenyewe ungeizuia. Kuhusu onyo la cheti (kitambulisho cha tovuti), lile la kivinjari kwamba muunganisho si wa faragha, alisema karibu yote anayokutana nayo mtu wa kawaida hayana hatari yoyote nyuma yake.

Aliyewahi kupanga foleni kwenye stesheneri ya kuchapishia anaijua hali hiyo. Kompyuta ni kuukuu, na ile betri ya duara ya ndani iliyoandikwa CR2032 imekufa. Umeme ukikatika, saa inapoteza kumbukumbu. Ukirudi, mashine inaamini tuko miaka kumi na kitu iliyopita. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kwa mashine hiyo vyeti vyote vya leo havijaanza kutumika. Vivinjari vya sasa mara nyingi hugundua kwamba saa ndiyo imekosea na kukuambia hivyo, lakini kile cha zamani kilichosakinishwa pale kinamweleza mteja habari za wezi wa nywila, wakati kinachotakiwa ni kurekebisha tarehe na kununua betri. Kijana wa dukani akishaona onyo hilo kila asubuhi, unategemea alisome?

Na bado watu si viziwi. Mwaka 2013 Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt walichapisha uchunguzi wa maonyo zaidi ya milioni 25 yaliyowatokea watumiaji wa Chrome na Firefox. Onyo la cheti lilirukwa kwa takriban asilimia 70 kwenye Chrome, lakini asilimia 33 tu kwenye Firefox. Maonyo ya tovuti zenye programu hasidi au za utapeli yalirukwa mara chache zaidi. Kwenye Firefox hayakufika asilimia 10. Kama tatizo lingekuwa uzembe wa watu peke yake, takwimu zisingepishana hivyo kati ya kivinjari na kivinjari. Anayetunga onyo naye ana kesi ya kujibu.

Sasa pale hoja inapokatika. Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya tundu kubwa la usalama kwenye Windows. Mwezi huo na uliofuata, hospitali za umma za Uingereza zilitumiwa tahadhari zizibe tundu hilo. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fidia, kikapita palepale. Taasisi 81 kati ya 236 za afya nchini England ziliathirika, na ukaguzi wa serikali ulikadiria kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Hesabu ya Herley inakaa sawa hasara inapokuwa ya mtu mmoja. Mashine ikishaunganishwa na za wenzake, anayechelewa hulipiwa na watu ambao hawakuulizwa. Hata ile ya stesheneri, ambayo haina mtandao wa maana, inapokea flashi za darasa zima. Ikiugua, jioni wanafunzi wanakuta folda zao zote zimegeuka njia za mkato.

Simaanishi kila apdeti ipokelewe kwa mikono miwili. Inamaliza bando, na tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama tena, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5. Kusubiri siku chache kuna akili. Hospitali zile zilikuwa na karibu miezi miwili.

Kuna kundi ambalo wimbo wa "usipuuze" unaliumiza moja kwa moja. Umeingia tovuti ya kupakua filamu, ikakuambia ubonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Kuanzia hapo simu inalia usiku: virusi vitano vimegunduliwa, safisha sasa. Ni arifa za ile tovuti zilizovikwa nembo ya antivairasi, na dawa yake ni kuifutia ruhusa kwenye mipangilio ya kivinjari. Hapa mtiifu ndiye anayetapeliwa, na mpuuzaji analala salama.

Ndiyo maana mimi huangalia kwanza onyo linanitaka nifanye nini. La kweli mara nyingi linanizuia: usifungue, rudi nyuma. La matapeli linanisukuma: piga namba hii, pakua, lipia, haraka. Apdeti nayo inanitaka nitende, lakini nikifunga kidirisha na kwenda mwenyewe kwenye mipangilio, nitaikuta inanisubiri.

Kipimo hicho hakifui dafu mbele ya fundi. Windows ya kukraki, yaani isiyolipiwa, inapowekwa, antivairasi inakamata kile kiprogramu cha kuiamsha, na fundi anasema, "Zima kwanza hiyo, inasumbua tu." Yawezekana anasema kweli, kwa kuwa viprogramu hivyo hukamatwa hata visipobeba kitu kingine. Lakini kilichobeba mwizi wa nywila kingekamatwa vilevile, na si yeye wala wewe mwenye njia ya kuvitofautisha. Kwangu hilo ndilo onyo la gharama kubwa kulipuuza, kwani baada yake hutaonywa tena.

Gumu zaidi ni lile la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Onyo ni la kweli na halina haraka ya kitapeli, ila laptopu nyingi za mtumba hazina vigezo vya Windows 11, kwa hiyo linamwambia mwenye nayo anunue nyingine. Asiye na hela anaweza kujiandikisha kwa mwaka wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, au kuweka Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kama anaye wa kumshika mkono. Vinginevyo abaki nayo kwa kuchapa barua, na mambo ya benki ayahamishie kwenye simu inayopata apdeti.